Subaru: Injini Imelala, Mwenyewe Halali

Nilipokabidhiwa funguo za Subaru Forester yangu, ilikuwa imeshatembea kilomita 140,000. Leo dashibodi inasoma 287,400. Ni ya mwaka 2005, gia za mkono, injini ya EJ20, lita mbili, haina tabo, kile kifaa cha kusukuma hewa ya ziada kwenye injini. Tumeishi pamoja miaka 11. Nimelisifu gari hili mbele za watu, nimelitukana tukiwa wawili tu, na zaidi ya mara moja nimelala chini yake na tochi mdomoni. Anayetaka maoni ya mtu aliyeazima gari Jumamosi akalirudisha Jumapili, mimi siye.

Hukumu naitoa mapema kwa wale wasiopenda kusoma hadi chini. Subaru ni gari la mtu mwenye masikio. Kama wewe ukisikia mlio mgeni unaongeza sauti ya redio, nunua gari la kampuni nyingine, na urafiki wetu utabaki palepale.

Jina lenyewe ni la nyota. Kile Wajapani wanachokiita Subaru sisi tunakiita Kilimia, kile kishada cha nyota kilichowaambia wakulima wakati wa kushika jembe. Wahenga wakasema Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Kila nikisikia watu wawili wenye Subaru wakibishana, methali hiyo hunijia. Mmoja anaapa hajawahi kufungua injini tangu alinunue. Mwingine ameshaishusha mara mbili na sasa anamjua hadi mke wa fundi. Gari moja, kampuni moja, mwaka mmoja. Nimetumia muda mwingi kutaka kujua kwa nini, na jibu nililolipata linaanzia mbali kidogo.

Hawa kabla ya magari walikuwa watu wa ndege. Mwaka 1917 Chikuhei Nakajima, mwanajeshi wa majini aliyeacha kazi, alianzisha karakana ya ndege huko Ota, mkoa wa Gunma. Karakana ikakua ikawa mojawapo ya watengenezaji wakubwa kabisa wa ndege za kivita wa Japani. Vita ilipokwisha mwaka 1945 kazi hiyo ikapigwa marufuku. Hebu fikiria: mafundi hodari wamejaa, stoo imejaa spea, na hakuna tena kitu cha kurusha. Wakaunda skuta. Waliiita Rabbit, na ya majaribio waliivalisha gurudumu la mkiani la ndege ya mabomu iliyoitwa Ginga. Sijui kama kuna skuta nyingine duniani yenye ukoo wa namna hiyo.

Kampuni yenyewe ilivunjwavunjwa, kisha mwaka 1953 vipande vitano vikaungana kuunda Fuji Heavy Industries. Itazame nembo ya Subaru utaona nyota moja kubwa na ndogo tano. Ndiyo hesabu yake. Mwaka uliofuata wakaunda gari la majaribio, P-1, yakatoka 20 tu, na Kenji Kita aliyekuwa akiongoza kampuni ndiye aliyelipa jina la Subaru. Jina la Fuji Heavy Industries limekuja kuondolewa juzijuzi tu, mwaka 2017, kampuni nzima ilipojiita Subaru.

La kwanza kuuzwa kwa wingi lilikuwa Subaru 360 la mwaka 1958, kazi ya mhandisi Shinroku Momose, naye akiwa ametoka kwenye ndege. Injini ya sentimita za ujazo 356, imekaa nyuma, gari zima halifiki kilo 400. Kwao lilipendwa hadi likapewa jina la kile kijidudu cha mviringo chenye madoa mgongoni. Marekani mambo yakawa mengine. Malcolm Bricklin na Harvey Lamm walianza kuliingiza mwaka 1968, na mwaka uliofuata jarida la Consumer Reports likasema wazi kwamba halifai. Kwa hiyo ubishi kuhusu Subaru una umri mkubwa kuliko wabishi wengi ninaowajua.

Lakini mwaka wa kuukariri ni 1966. Mwaka huo lilitoka Subaru 1000, na ndani yake kulikuwa na injini ya aina ambayo kampuni hii imeing'ang'ania mpaka leo. Injini nyingi silinda zake husimama wima, zimepanga mstari kama watoto gwaride la asubuhi. Ya Subaru imelala. Silinda mbili zinatazama kulia, mbili kushoto, na pistoni zinakwenda zikitoka na kuingia kwa pamoja, kama mabondia wawili wanaogusana glavu kabla kengele haijalia. Pistoni ya kulia ikisukuma upande wake, ya kushoto inasukuma upande wa pili kwa nguvu ileile, mtikisiko unakufa. Na kwa kuwa chuma chote kizito kimejilaza chini, gari nalo linakaa chini hata kama bodi lake ni refu.

Mara ya kwanza nilipofungua boneti niliitafuta injini. Nilizoea kuiona mbele ya macho yangu. Hii ilikuwa imezama huko chini katikati ya chesisi, mikono imetandazwa huku na huku. Nikajisemea kwamba hawa watu wana akili. Kisha ukafika wakati wa kubadilisha plagi. Plagi ziko ubavuni, zinatazama kuta za gari. Toa betri upande mmoja, toa boksi la chujio la hewa upande mwingine, halafu ingiza mkono kwa kuukunja mahali ambapo mkono wa binadamu haukuumbwa kukunjikia. Fundi wangu huvua saa na pete kabla ya kuanza, bila kusema neno, kama mtu anayejiandaa kuosha maiti. Kazi ya dakika 20 kwenye injini iliyosimama, kwake ni ya saa nzima na ushee.

Jibu langu ni hilo. Karibu kila kizuri na kila kibaya cha gari hili kinatoka kwenye uamuzi mmoja wa kuilaza injini.

Kizuri chake ukionje kwenye kona yenye maji. Usiku mmoja nilikuwa nashuka mlima, mvua inapiga kioo kama kokoto, na mbele yangu lori lilikuwa limekwama kwa mshazari likiacha upenyo wa matope kulia. Nilikuwa na mama yangu kiti cha nyuma, mtu ambaye hushika mshikio wa juu hata gari likiwa limeegeshwa. Niliweka gia ya pili, sikukanyaga breki, nikapita. Gari halikutingisha mkia. Nilipomtazama kwenye kioo mama alikuwa amesinzia. Tangu siku hiyo, akisikia nimesema neno baya juu ya hili gari, hunikemea kana kwamba nimemsema mkwe wake.

Hiyo foo wili yao nayo ina kisa. Kampuni ya umeme ya Tohoku, kaskazini mwa Japani, ilikuwa na mafundi wa kukagua nyaya kwenye theluji. Magari waliyokuwa nayo yalipanda popote lakini yaliwagandisha kwa baridi na kuwatikisa mbavu. Wakauliza kama hawawezi kupata gari la kawaida, lenye starehe, linalosukumwa na magurudumu yote manne. Wauzaji wa Subaru wa Miyagi wakakata na kuunga gari moja la majaribio, na mwaka 1972 kampuni ikaanza kuuza Leone ya namna hiyo. Ombi la watu wa nyaya ndilo lililozaa Forester na Outback zote unazoziona leo. Injini iliyolala ilirahisisha kazi, maana giaboksi inakaa nyuma yake moja kwa moja na ekseli za kulia na kushoto zinalingana urefu. Hilo ndilo wanalolisifu kwa mbwembwe kwenye matangazo wanaposema mfumo wao una ulinganifu.

Kuna kitu kimoja siwezi kukipita. Miaka ya 1970 mwishoni walipeleka Marekani pikapu ndogo iitwayo BRAT. Pikapu kutoka nje ilitozwa ushuru wa asilimia 25. Basi wakafunga viti viwili vya plastiki huko nyuma kwenye karai, vikitazama barabara inayokimbia, na pikapu ikageuka gari la abiria mbele ya watu wa forodha. Ronald Reagan alikuwa nayo moja shambani kwake. Sijawahi kuiona kwa macho yangu, lakini nikiiona nitakaa kwenye kile kiti hata kama ni kwa dakika tano tu.

Nasikia wengine wanasema injini hizi hazidumu. Mwezi Januari 1989, huko Arizona, Subaru Legacy zilizungushwa uwanjani usiku na mchana mpaka zikatimiza kilomita 100,000 kwa wastani wa kilomita 223.345 kwa saa. Ilichukua siku 18 na nusu hivi, na muda wa kujaza mafuta na kubadilishana madereva umo ndani ya hesabu hiyo. Zilikuwa na EJ20, babu wa injini niliyonayo. Tofauti ni kwamba zile zilikuwa na kundi la mafundi wanaozitazama kila ziliposimama. Yangu mimi ina mimi.

Hapo ndipo tunaingia kwenye mvua.

Nianze na gasketi za hedi, zile pedi za kuziba kati ya injini na kifuniko cha silinda zake, maana ndilo swali la kwanza la kila anayetaka kununua. Injini zinazosemwa ni za lita 2.5, EJ25, za miaka ya 1990 ya mwisho na ya 2000 ya mwanzo. Zile za mwanzo kabisa, zenye kamshafti (fito za kufungulia valvu) mbili kila upande, gasketi ilikuwa ikiachia ndani, gesi ya moto inapenya kwenye maji na gari linachemsha. Zilizofuata zilivuja kwa nje, oili na maji vikitiririka taratibu chini ya hedi. Sasa fikiria injini iliyolala. Kwenye injini ya kusimama hedi iko juu, kimiminika kina tabia ya kurudi chini. Hapa hedi iko ubavuni, oili na maji vimeegemea gasketi saa zote, hata gari likiwa limezimwa. Gasketi dhaifu haipati likizo. Kampuni ilifikia mahali pa kuwaita wenye magari hayo Marekani ili yatiwe dawa maalumu kwenye maji ya rejeta. Mafundi wenyewe walipata dawa yao, ambayo ni kuweka gasketi za tabaka kadhaa za chuma, zile za injini za tabo, na kuskimu hedi, yaani kuinyoosha uso wake, vizuri kabla ya kufunga. Ukikutana na 2.5 ya miaka hiyo iliyoshafanyiwa kazi hiyo na risiti zipo, usiiogope. Iliyo bora kuikimbia ni ile ambayo mwenyewe anasema haijawahi kuguswa.

Yangu ni ya lita mbili, gasketi zake ni zile ilizotoka nazo kiwandani. Lakini kuchemsha imechemsha, na hadithi hiyo sitaificha kwa sababu mwenye kosa ni mimi na fundi mmoja ambaye sikumrudia. Bomba la maji lilikuwa limechoka, nikapita gereji ya njiani kwa haraka zangu. Akabadilisha bomba, akajaza maji ya bombani, akafunga kizibo, akanigongea bodi kwa kiganja. "Nenda mama, hiyo tayari." Nikaenda. Baada ya kilomita 15 hivi hewa ya moto ya ndani ikageuka baridi, na mimi kwa ujinga nikafurahi kwamba kumekuwa na upepo. Mshale wa joto ulipoanza kupanda nikaukumbuka ule ubaridi, nikazima gari palepale.

Injini iliyolala ina pembe nyingi za kujificha hewa. Ukimwaga maji kwa pupa yanaacha mifuko ya hewa ndani, pampu inazungusha hewa badala ya maji, na kuna sehemu ya injini inakaangwa huku mshale umetulia. Kujaza rejeta ya gari hili ni kazi ya subira. Fungua skrubu ndogo ya kutolea hewa juu ya rejeta, mimina polepole, washa, acha lipate moto, bonyeza mabomba kwa mkono, ongeza, rudia. Fundi wangu wa kawaida hutumia karibu nusu saa, na anatumia kulanti, ile dawa ya kupoza injini, iliyochanganywa sawasawa, maji ya bombani hayagusi. Nilipomweleza alichofanya mwenzake hakunijibu. Alivua saa.

Kosa la pili ni langu peke yangu, na chanzo chake ni ubahili. Tairi za mbele ziliisha, za nyuma zilikuwa bado na nusu ya maisha. Nikanunua mbili. Kila aliyewahi kuwa na Subaru hapa ameshashika kichwa. Magurudumu yote manne ya gari hili yameunganishwa muda wote, na katikati kuna kifaa kinachoruhusu mbele na nyuma zipishane kidogo unapokata kona. Kampuni inataka tofauti ya mzingo kati ya tairi na tairi isizidi milimita sita hivi. Tairi mpya na iliyolika nusu zinapishana zaidi ya hapo, kwa hiyo kile kifaa hakipumziki hata barabara ikiwa imenyooka kama rula. Miezi kadhaa baadaye, kila nikikata kona kali ya kuegesha, gari lilikuwa likigoma na kurukaruka kama mbuzi anayevutwa kamba. Gharama ya kile kifaa ilizidi ya tairi nne kamili. Siku hizi nanunua nne, na zinahamishwa mbele kwa nyuma kila kilomita 10,000.

Oili sasa. Kuanzia mwaka 2010 walianza kuachana na EJ, wakaleta familia ya FB yenye cheni badala ya mkanda wa taimingi, ule unaopanga valvu zifunguke kwa wakati wake. Cheni nimeipenda, kwa sababu kwenye EJ yangu mkanda ukikatika valvu zinagongana na pistoni na hapo unaanza kutafuta injini nyingine. Bahati mbaya baadhi ya FB za mwanzo zilikuwa zinakula oili. Wenye magari Marekani walikwenda mahakamani mwaka 2014, na mwafaka uliopatikana ukarefusha dhamana ya magari yaliyohusika hadi miaka minane au maili 100,000. Naijua FB moja inayoongezwa lita kati ya sevisi na sevisi, na nyingine ambayo oili kwenye kijiti chake cha kupimia haishuki. Tena Kilimia. Mimi huchomoa kijiti kila ninapojaza mafuta, gari likiwa limesimama pa tambarare na limepoa kidogo. Wahudumu wa vituo hunitazama kama mtu anayepima homa ya ng'ombe.

Mpwa wangu yeye alinunua WRX, Subaru yenye tabo. Ana sababu zake na zote zinaanzia kwenye rali. Subaru ya buluu yenye rimu za dhahabu, Colin McRae bingwa wa dunia mwaka 1995, Richard Burns mwaka 2001, Petter Solberg mwaka 2003, na kampuni ikichukua ubingwa wa watengenezaji mara tatu mfululizo kuanzia 1995. Mwisho wa mwaka 2008 wakajitoa na hawajarudi. Mimi kumbukumbu ninayoipenda ni nyingine, ya Safari Rally ya 1993. Walipeleka Vivio, kigari cha chini ya sentimita za ujazo 660 ambacho ungedhani kimetoroka kwenye duka la midoli, na Patrick Njiru akakifikisha mwisho katika nafasi ya 12 huku magari makubwa yakiwa yameachwa vichakani.

Basi mpwa wangu na WRX yake. Ule mlio wa kububujika wanaousifu vijana ulitokana na mabomba ya ekzosi ya urefu tofauti, moshi wa upande mmoja ukichelewa kufika kwenye tabo. Kasoro ya upangaji imekuwa wimbo. Kijana hakuridhika na wimbo, akataka na kwaya. Akapeleka gari kwa mtu anayejiita mtaalamu wa kuongeza nguvu, msukumo wa tabo ukapandishwa, mafuta yakabaki yaleyale ya kawaida. "Shangazi, sikia linavyovuta," aliniambia, na kweli lilivuta. Lilivuta wiki tano. Pistoni moja ilivunjika pale kwenye mifereji ya ringi. Aliponipigia simu alikuwa ananong'ona kama mtu aliye msibani. Sikumlaumu sana, lakini sikuilaumu Subaru hata kidogo. Anayenunua WRX iliyotumika ajue ananunua pia mguu wa kulia wa aliyemtangulia.

Kuhusu giaboksi za CVT, zile zinazojibadilisha zenyewe bila hatua za gia, sitakaa sana kwa sababu sijaishi nayo. Ni watu wa zamani katika jambo hilo, walikuwa na Justy ya CVT tangu 1987, na hii ya sasa ya cheni walianza nayo kwenye Legacy ya 2009. Za miaka ya mwanzo zilileta malalamiko kiasi cha kampuni kurefusha dhamana yake Marekani. Mwenzangu kazini anaendesha Subaru XV na hana neno baya. Anabadilisha oili ya giaboksi ingawa aliambiwa ni ya maisha. Maisha ya nani, huwa anauliza.

Kilichoniudhi zaidi kuliko gasketi ni habari ya Oktoba 2017. Kampuni ilikiri kwamba kwa zaidi ya miaka 30, katika viwanda vyake vya Gunma, magari ya soko la Japani yalikuwa yakipitishwa ukaguzi wa mwisho na watu wasio na kibali cha kazi hiyo. Magari mengi yakaitwa yakaguliwe upya. Haikuwa na maana kwamba magari ni mabovu, ila kwa watu wanaojinasibu na urithi wa ndege, ambako bolti moja inatiwa saini, niliona aibu kwa niaba yao. Mwaka uliofuata, Novemba 2018, wakaita magari kama 400,000 kwa ajili ya springi za valvu. Springi ni kitu kidogo kama kidole, lakini kwenye injini iliyolala huwezi kuifikia bila kuitoa injini nzima. Wewe na mimi tunajua kwa nini.

Kuna na lile la mwaka 2019, magari zaidi ya milioni 2.2 yaliitwa kwa sababu swichi ya taa za breki inaharibiwa na gesi ya silikoni. Gesi inatoka wapi? Kwenye vitu vya kusafishia na kung'arishia ndani ya gari. Nilikuwa mpenzi mkubwa wa zile dawa za kupuliza dashibodi mpaka inawaka kama kiatu cha askari. Siku hizi natumia kitambaa chenye maji.

Mafuta, haraka haraka. Barabara kuu lita moja inanipa kilomita 11, nikiwa kwenye foleni nane. Magurudumu manne hayazunguki bure. Viti vya mbele vizuri, cha nyuma kimenyooka mno kwa safari ya saa sita, kioo kinaona pande zote kuliko magari mengi ya leo yenye madirisha kama matundu ya posta. Plastiki za ndani ni ngumu na hazijifanyi kuwa kitu kingine.

Ukienda kuangalia Subaru ya mkono wa pili, nenda asubuhi ikiwa bado ya baridi. Mwenye gari akiwa ameshaiwasha kabla hujafika, rudi kesho. Chungulia kwa tochi chini ya hedi, kulia na kushoto. Linganisha tairi zote nne, ukikuta chapa mbili tofauti uliza maswali. Omba risiti ya mkanda wa taimingi, na kama hakuna, hesabu kwamba haujabadilishwa. Kata kona kali kwa mwendo wa kinyonga, dirisha wazi, redio imezimwa.

Mpwa wangu ameshaniambia mara mbili nimuuzie hii Forester, eti amekua. Nami naona gari la umeme waliloanza kuliuza mwaka 2022, Solterra, lililojengwa pamoja na Toyota, halina injini ya kulala wala ya kusimama, na sina hakika fundi wangu atavua saa kwa ajili ya nini. Yangu ina kilomita 12,600 kufikia 300,000, ndipo mkanda unaofuata utakapofungwa. Nimeshaununua, na pampu ya maji na tenshena yake ya kuukaza, vyote viko kwenye boksi chini ya kitanda.